Mama mkwe aache kumsemesha mwanangu Kinyakyusa?

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole hapa Mbeya. Nimezaliwa Mafinga, kwetu ni Wahehe. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Sisi wawili tunaongea Kiswahili, ndicho tulichokutana nacho. Nilipojifungua mtoto wa pili, mama mkwe alikuja kunisaidia, na kwa kuwa nauza viazi na parachichi Mwanjelwa na natoka nyumbani alfajiri, tukamwomba abaki. Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Na wajukuu zake ni Kinyakyusa kutwa nzima.

Wa kwanza, Lusajo, ana miaka mitatu na nusu. Januari tulimwanzisha bebi klasi katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Juzi nimeenda kumchukua, mwalimu akaniita pembeni. Akasema Lusajo yuko nyuma ya wenzake, darasani haongei, na siku akiongea anachanganya: anaanza na Kiswahili, anamalizia na Kinyakyusa. Akasema kilugha cha bibi ndicho kinachomvuruga, nyumbani tukiache kabisa, na ikiwezekana hata Kiswahili tupunguze ili tumsemeshe Kiingereza. Hicho Kiingereza chenyewe, Shangazi, mimi niliishia kidato cha nne na baba yake ni fundi seremala. Hatukiongei.

Mume wangu alikubaliana na mwalimu papo hapo. Jioni ile ile akamwambia mama yake asimsemeshe tena mtoto Kinyakyusa. Mama hakubisha, ila nyumba imepoa. Zamani nikirudi nawakuta jikoni nje wanamenya ndizi, mtoto anauliza hiki na kile, bibi anajibu, mpaka naona wivu. Sasa ni "njoo", "kula", "acha", basi. Mtoto anamvuta khanga, anamwongelesha vilevile kama zamani, na yeye anageuza uso.

Na mimi nina langu. Nina miaka thelathini na moja, ndoa ina miaka, lakini Kinyakyusa sijui zaidi ya kusalimia na kusema ndaga, yaani asante. Tukienda msibani Tukuyu, mawifi wanaongea, wanacheka, mimi natabasamu tu bila kujua kinachochekwa. Nilimwambia mume wangu nataka kujifunza, akasema lugha ni ya kuzaliwa nayo, mtu mzima anajichosha bure. Kihehe changu nacho sijawahi kumsemesha mwanangu, nakiongea na mama yangu kwenye simu tu.

Naomba unisaidie. Ni kweli lugha nyingi zinamvuruga mtoto? Bibi aache? Na mimi nimeshachelewa?

Mama Lusajo, Uyole

*

Marahaba, Mama Lusajo, na poleni hapo nyumbani.

Bibi asiache. Na kwa kuwa ameshaacha, aombwe aanze tena wiki hii hii. Naanza na jibu kwa sababu kila siku bibi anayokaa kimya mtoto anapoteza kitu, na sababu iliyotolewa ya kumnyamazisha haina ukweli.

Hebu tumtazame Lusajo mwenyewe. Akiwa na bibi anaongea Kinyakyusa, akiwa na wewe anaongea Kiswahili. Nani alimfundisha kupambanua hivyo? Hakuna. Mtoto aliyevurugwa asingejua nani aongeleshwe kwa lugha ipi. Watoto wanaolelewa kwa lugha mbili hufanya hivyo tangu wakiwa na miaka miwili hivi: wanamtazama mtu, wanachagua lugha. Kuchanganya katika sentensi moja kupo, na mara nyingi mtoto anachukua neno pale alipolipata kwanza. Vitu vya jikoni kwa bibi amevijua kwa Kinyakyusa, kwa hiyo atavitaja kwa Kinyakyusa hata akiwa darasani. Panda Koasta ya Tukuyu uwasikilize watu wazima: Kiswahili, Kinyakyusa, Kiswahili tena, na hakuna anayesema wamevurugwa.

Hofu ya mwalimu ina historia ndefu, na simlaumu kwa kuwa nayo. Kwa miongo mingi wasomi wa Ulaya na Marekani waliandika kwamba lugha mbili zinapunguza akili za mtoto. Walikuwa wanawapima watoto wa wahamiaji maskini, mara nyingi kwa lugha ambayo bado hawajaishika, kisha wanawalinganisha na watoto wa wenye nafasi. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walifanya kwa haki. Walichukua watoto wa miaka kumi mjini Montreal, wakalinganisha hali za nyumbani kwao, wakahakikisha wale wa lugha mbili wanazijua kweli zote mbili. Wa lugha mbili wakafanya vizuri zaidi katika vipimo vingi. Zaidi ya miaka sitini imepita, na bado mzazi wa Uyole anaambiwa ya zamani.

Sasa hili la kuwa nyuma. Nyuma kwa lugha gani? Lusajo ameingia mwaka huu katika darasa linaloongozwa kwa lugha ambayo nyumbani hajaisikia. Kukaa kimya miezi ya mwanzo ni kawaida kabisa kwa mtoto wa namna hiyo, anasikiliza kwanza. Halafu maneno yake yamegawanyika: mengine yako kwa Kinyakyusa, mengine kwa Kiswahili. Ukihesabu upande mmoja tu utaona machache. Jumlisha pande zote mbili ndipo useme.

Kuna jambo moja ambalo sitaki ulipuuze, ingawa kwa ulivyoandika sioni dalili yake. Mtoto mwenye tatizo la kweli la kusema au kusikia, tatizo hilo huonekana katika lugha zake zote. Kama amefika miaka miwili bila kuunganisha hata maneno mawili kwa lugha yoyote, au ukimwita kwa nyuma hageuki, apelekwe hospitali akapimwe masikio mapema. Hapo Mbeya mna Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Hata kwa mtoto huyo, kumnyima lugha ya bibi si tiba. Lakini Lusajo wako anamuuliza bibi maswali jikoni na anajibiwa. Huyo anaongea.

Umeniambia habari za Lusajo tu, na mimi nikawa namfikiria zaidi mdogo wake, anayebebwa mgongoni na bibi wakati wewe uko sokoni. Kinyakyusa kina irabu saba, tena fupi na ndefu. Kiswahili kina tano. Ndiyo maana ukiwa Tukuyu unasikia maneno mawili yanafanana na mawifi wanayasikia ni mbalimbali kabisa. Mtoto mchanga hana shida hiyo. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees wa Vancouver walionyesha kwamba watoto wa miezi sita hadi minane, waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza, walitofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa Kiingereza hawakuweza kuzitofautisha. Walipofika miezi kumi hadi kumi na miwili, wengi walikuwa wamepoteza uwezo huo, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwasemesha kwa sauti hizo. Hapa ndipo kuanza mapema kunapoleta faida ambayo pesa haiwezi kuinunua baadaye. Masikio ya mtoto yanajipanga kufuata watu wanaomzunguka, na ninyi mmemnyamazisha mtu mwenye irabu saba.

Na msidhani katuni za Kiingereza zitaziba pengo. Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle waliwapa watoto wa miezi tisa vipindi kumi na viwili vya Kichina. Kundi moja lilicheza na mtu aliye mbele yao, jingine likaoneshwa mtu huyo huyo kwenye runinga. Waliokuwa na mtu walishika sauti za Kichina. Wa runinga hawakupata kitu. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2003. Mtoto mchanga anajifunza kwa mtu anayemtazama usoni na kumjibu, na nyumbani kwenu mtu huyo ni bibi.

Sasa wewe. Mume wako amesema nusu ya ukweli. Ni kweli aliyeanza utotoni huongea kama mwenyeji, na sisi wakubwa mara nyingi tunabaki na lafudhi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018, uliowahusisha watu karibu 670,000 waliojaribiwa Kiingereza kwa intaneti, ulionyesha kwamba uwezo wa kushika sarufi ya lugha mpya unakaa imara hadi karibu miaka kumi na saba, kisha unashuka, na kwamba anayetaka kufikia kiwango cha mzawa ni vyema awe ameanza kabla ya miaka kumi au karibu na hapo. Kushuka lakini si kuzimika. Ulichokosa ni nafasi ya kudhaniwa umezaliwa Tukuyu, na wewe hukuniambia unataka kudhaniwa hivyo. Unataka kujua mawifi wanacheka nini.

Kwa hilo, mtu mzima ana nguvu ambazo Lusajo hana. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwafuatilia watu wa lugha ya Kiingereza waliohamia Uholanzi, watoto wa miaka mitatu hadi watu wazima, wote wakijifunza Kiholanzi papo kwa papo. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 1978 walikuta kwamba miezi ya mwanzo vijana wa miaka kumi na mbili hadi kumi na tano na watu wazima ndio waliokwenda mbio. Wadogo kabisa ndio waliokuwa mwisho. Mkubwa anajua kuuliza, anajua kulinganisha, anajua kukumbuka kwa makusudi. Mtoto anamshinda mkubwa kwa sababu anabaki ndani ya lugha miaka mingi bila aibu, wakati mkubwa akichekwa mara mbili anarudi kwenye Kiswahili.

Na wewe hukuanzia mbali. Kihehe na Kinyakyusa vyote ni Kibantu. Ngeli unazo kichwani, namna kitenzi kinavyobeba mtendaji na mtendewa unaijua bila kufikiri. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walianza bila hayo yote, na bado walijifunza mpaka wakahubiri. Kuna nafuu nyingine ambayo huenda huijui: Kihehe kinapandisha na kushusha sauti kwa namna inayoweza kubadili maana, Kinyakyusa hakina mzigo huo, kinatulia kama Kiswahili. Taabu yako itakuwa zile irabu saba, basi. Utasikika Mhehe. Sioni aibu iliyopo hapo, maana ndivyo ulivyo.

Ufanyeje? Mwalimu unaye ndani ya nyumba, na kwa sasa ana huzuni na muda. Jioni ukirudi, kabla ya kushika simu, kaa naye dakika chache kwenye hizo ndizi. Usimwombe akufundishe orodha ya maneno, mwombe akusimulie kitu kilekile alichomsimulia Lusajo mchana, polepole, nawe urudie. Mrekodi kwenye simu, akikubali, usikilize ukiwa unasubiri wateja Mwanjelwa. Kama mnasali mahali wanapoimba kwa Kinyakyusa, nunua kitabu cha nyimbo, maana wimbo unakurudisha kwenye neno lilelile mara nyingi bila kuchosha. Na msibani usikae karibu na mume wako akutafsirie. Kaa na wifi mwenye subira kuliko wote, unamjua. Mwambie unajifunza, akusahihishe. Watakucheka. Ila safari hii utakuwa unajua wanacheka nini, na utacheka nao.

Kihehe ndicho kilichonisumbua nilipokuwa nafikiri nikujibu nini. Watu wengi huamini lugha ya mama itamwingia mtoto tu kwa sababu ni ya mama. Haingii. Annick De Houwer aliuliza familia zipatazo 1,900 za Flanders, Ubelgiji, ambako mzazi mmoja au wote wana lugha nyingine mbali na Kiholanzi, akakuta karibu robo ya watoto hawaiongei lugha hiyo nyingine. Huku kwetu sihitaji takwimu. Iringa mjini, Njombe, hapo Mbeya, kumejaa vijana wanaosema "nasikia lakini siongei". Walisemeshwa kilugha wakajibu Kiswahili, na hakuna aliyewangoja. Kwa hiyo nakuambia ukweli: Kihehe cha kwenye simu peke yake hakitamfanya Lusajo aongee Kihehe. Anza na yule mdogo, umwogeshe kwa Kihehe, umbembeleze kwa Kihehe, saa zile ambazo ni zako na yeye tu. Simu ya mama ikiingia, mpe Lusajo na yeye asalimiwe na ajibu kamwene yake. Likizo apelekwe Mafinga, akakae na watoto wenzake wasiomhurumia kwa Kiswahili. Mkikosa hizo likizo, atapata kidogo, na kidogo hicho kina thamani. Kinyakyusa ndicho chenye mtu wa kutwa nzima hapo kwenu, kwa hiyo ndicho kitakachokuwa na nguvu, wala usione kabila lako limeshindwa.

Kuna watakaokuambia mtoto wa lugha mbili anakuwa na akili kupita wengine. Nisingependa umwambie mume wako hivyo, kwa sababu watafiti wenyewe bado wanabishana kuhusu faida hiyo ya umakini na utulivu wa akili. Lililo na uzito zaidi kwangu ni la uzeeni. Kule Hyderabad, India, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 wa wagonjwa 648 wa maradhi ya kupoteza kumbukumbu, wanaotumia zaidi ya lugha moja walianza kuugua wakiwa wamechelewa kwa takriban miaka minne na nusu, hata wale ambao hawakusoma kabisa. Hiyo haimaanishi lugha inakinga ugonjwa. Na hata pasingekuwa na utafiti wowote, Lusajo ana bibi ambaye ya moyoni anayasema kwa lugha moja tu. Siku moja atataka kumuuliza baba yake alikuwa mtoto wa namna gani. Na akikua, akivuka mpaka wa Kasumulu kwa biashara, Wangonde wa Karonga, Malawi, anaweza kuelewana nao, maana Kyangonde cha kule na Kinyakyusa ni ndugu wa karibu sana.

Kiingereza mwachieni mwalimu. Ndiyo kazi mnayomlipia ada, na mtoto wa miaka mitatu na nusu anayekisikia darasani kila siku ana muda wa kutosha. Mkianza kumsemesha Kiingereza ambacho ninyi wenyewe hamkiongei, mtamwambia "come", "eat", "sit", na mazungumzo ya nyumbani yatakauka kama yalivyokauka ya bibi. Mtoto aliyezoea kusimuliwa, kubishana na kuuliza "kwa nini" kwa Kinyakyusa na Kiswahili anaingia na uzoefu huo kwenye Kiingereza. Msomee hadithi za Kiswahili usiku, hata moja tu, umwache akukatize.

Kwa mwalimu nendeni wote wawili, wewe na Baba Lusajo, na msiende kugombana. Mwambieni mtoto ana lugha mbili tayari na hii ni ya tatu. Muulizeni kama Lusajo anafuata maagizo, kama anacheza na wenzake, kama ameanza kurudia nyimbo za darasani. Hayo yatawaambia mengi kuliko kuhesabu maneno. Mwombeni asimkataze akichanganya, amjibu tu kwa lugha ya darasa na kuendelea. Wengi wakielezwa kwa upole wanakubali.

Lakini kabla ya shule kuna bibi. Baba Lusajo ndiye aliyemwambia mama yake aache, kwa hiyo yeye ndiye wa kumwambia aendelee, kwa Kinyakyusa, na Lusajo awepo asikie. Wewe usimtangulie kwa kumwomba mama radhi kwa niaba yake, na usipeleke ujumbe kupitia wifi. Mpe hii barua asome, mwachie mpaka kesho yake. Akisema bado ana wasiwasi kuhusu shule, kubali wasiwasi wake, mkaonane na mwalimu pamoja. Ila mazungumzo na mama yake yasisubiri miadi ya shule.

Shangazi